Vitabu Navyo ni Mirathi

BARAZA LA IJUMAA
Na Omari Mwinyikai

Mtu wa pwani anapofariki, na matanga yakaondolewa, warithi huketi mbele ya shekhe wakagawana alichokiacha kwa kadiri ya sharia: nyumba ina mafungu yake, shamba lina mafungu yake, na hata mnazi ulioota mpakani huhesabiwa ili asije mtu akadhulumiwa haki yake. Lakini kasha la vitabu vya marehemu, ambalo aghalabu limekaa uvunguni mwa kitanda miaka na miaka, halitajwi na mtu. Na likitajwa, hutajwa kwa kuwa linachukua nafasi, akaitwa mnunuzi wa makaratasi na mizani yake, na vitabu vikaenda sokoni kufungiwa karanga na bagia. Naona desturi hiyo ni dhuluma, na sehemu kubwa ya lawama namtwika marehemu mwenyewe, aliyekaa na vitabu vyake umri mzima asiandike ndani yake hata herufi moja ya kuwajulisha walio nyuma yake vilikuwa na maana gani kwake.

Kitabu kitokacho mtamboni hakina tofauti na nduguze elfu waliopigwa chapa pamoja nacho, mpaka mkono wa msomaji ukitenge. Ushahidi wa jambo hili umo katika habari za kisiwa cha Robben, huko Afrika ya Kusini, ambako mfungwa mmoja wa siasa, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na juzuu moja yenye kazi zote za Shakespeare, akaivika kadi za sikukuu ya Diwali ili askari wa gereza waidhanie kuwa ni kitabu cha dini yake, wasimnyang'anye. Juzuu ile ilipita mikononi mwa wafungwa wenziwe, na kila mmoja akaombwa achague mahali palipomgusa, atie sahihi yake hapo. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba, 1977, katika tamthilia ya Julius Caesar, pale Kaizari anapowapima mwoga na shujaa kwa namna kila mmoja anavyokikabili kifo. Walter Sisulu naye akachagua The Merchant of Venice, pale Shylock anapoyataja matusi aliyoyastahimili. Ni ajabu njema kwamba tamthilia hizo mbili ndizo alizozifasiri Mwalimu Julius Nyerere kwa Kiswahili, ile ya Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hata ikawa Rais aliye Ikulu na wafungwa walio kisiwani wameinamia kurasa zile zile pasipo kuagana. Nakala ya kisiwani ilikuwa ya chapa ya kawaida, ya kununuliwa dukani na mtu yeyote, na bado mwaka 2012 iliwekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, watu wakaiendea kuitazama. Shakespeare wanaye majumbani mwao. Walichokifuata kule ni zile sahihi.

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa haya. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siu zamani, mingine ina jina la mwandishi wake na tarehe aliyoikamilisha, na katika maandiko yaliyohifadhiwa kwenye Msikiti wa Riyadha, Lamu, mna vitabu vilivyoandikwa ndani yake jina la mwenyewe, au neno la wakfu, ili kila atakayekifungua ajue kilitoka kwa nani na kimetolewa kwa ajili ya nani. Kwao kitabu kilikuwa na nasaba kama alivyo nayo mtu. Sisi tuliokuja baada yao, ambao vitabu vimetuwia rahisi kuvipata, tumeiacha ada hiyo, tukadhani kwamba kitu kisicho na bei kubwa hakina haja ya kuandikiwa mwenyewe.

Ninacho nyumbani kitabu kimoja nilichokirithi kwa marehemu mjomba wangu, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli hapa Tanga. Ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia na pembe zake zimeliwa na mende. Kisa chenyewe kinajulikana: Hasidi na Mwivu walimtenda ndugu yao uovu, wakageuzwa manyani, na Adili akalazimika kuwapiga kila usiku hali moyo wake unawahurumia, hata Mfalme Rai alipoingia kati, wakasamehewa, wakarejea kuwa watu. Pambizoni, kwenye habari za msamaha ule, mjomba ameandika kwa penseli, kwa hati ya Kiarabu aliyojifunza chuoni utotoni, "Basi, yatosha," na chini yake tarehe. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba yeye na kaka yake hawakusemezana miaka mingi kwa sababu ya shamba la minazi, na tulijua pia kwamba asubuhi ya Idi moja, pasipo mtu kuwasuluhisha, alivaa kanzu yake akaenda kubisha hodi kwa kaka yake. Lililompeleka hatukulijua. Tarehe ile ya penseli ni ya mwisho wa Ramadhani ya mwaka ule ule. Sisemi kwamba kitabu ndicho kilichowapatanisha, maana yamkini mjomba alikwisha kuazimu moyoni kabla ya kukifungua. Lakini siku aliyoazimu, kitabu hicho kilikuwa mkononi mwake, nasi tusingalilijua hilo kama si penseli.

Hata Shaaban Robert mwenyewe, sehemu ya maisha yake tumeipata kwa hifadhi ya namna hiyo, kwani ndugu yake, Yusuf Ulenge, alizitunza barua alizoandikiwa naye kati ya mwaka 1931 na 1958, na mwaka 2002 zikatolewa kuwa kitabu. Lau zingalifungiwa karanga, tungalibaki na mwandishi wa vitabu, tukamkosa yule aliyemwandikia nduguye.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuandika katika kitabu ni kukiharibu, na walimu wetu walitupiga fimbo kwa ajili hiyo. Kwa kitabu cha maktaba au cha shule nawaunga mkono bila shaka, kwa kuwa hicho ni amana ya watu wote na wino wako ni taksiri kwa atakayekuja; wala Msahafu hauchorwichorwi. Bali kitabu chako mwenyewe, ulichokinunua kwa jasho lako, usikionee haya. Andika ndani ya jalada jina lako, mwaka na mji ulikokipata. Penye neno lililokuzindua tia alama na tarehe. Na ukiwa na mtoto au mjukuu unayetaka akirithi, mtaje humo kwa jina, naye mwambie ungali unaweza kusema.

Na wewe uliyeachiwa kasha uvunguni, usilitoe nje kabla hujafungua kila jalada na kupitisha kidole katika kila pambizo. Ukikuta mkono wa mzee wako, kitabu hicho kigawanywe barazani mbele ya ndugu wote, kama kinavyogawanywa kiwanja. Vikibaki visivyo na neno la mtu, hapo ndipo umwite mwenye mizani.