Mtunzi wa Hadithi za Upelelezi Naye Ana Tumbo

Mwezi uliopita tulikuwa katika kazi ya kuzungukia matawi, na usiku mmoja tukalala kwa mwenyekiti wa tawi moja la mbali. Baada ya mkutano na chakula, vijana watano wakatufuata barazani. Tulidhani wanataka kuuliza habari za kadi. Kumbe wana kitabu mkononi: Simu ya Kifo, hadithi ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965. Jalada limekwenda, karatasi zimelainika kama kitambaa, na kurasa za mwisho hazipo, kwa sababu mzee mmoja alizisokotea tumbaku. Wote watano wamekwisha kukisoma, wawili wao mara mbili, wala hapana hata mmoja ajuaye muuaji ni nani. Wakasema, "Mwalimu, wewe umesoma chuo, tuambie."

Tuliwaambia, ingawa twakiri kwamba tulisimulia vibaya. Lakini usingizi ulichelewa kuja. Kitabu kile kimezunguka kijiji kizima kwa miaka, kimewafundisha watu kusoma bila kiboko wala mtihani, na aliyekitunga alipata fungu lake mara moja tu, siku nakala ile iliponunuliwa dukani.

Wako ndugu watakaosema kwamba gazeti la chama halina kazi na habari za wauaji na wapelelezi. Tunawajua, maana chuoni tulifundishwa maneno hayo hayo: kuna vitabu vya maana, na kuna vitabu vya kupoteza wakati. Vya kwanza tulivisoma mchana kwa ajili ya mtihani. Vya pili tulivisoma usiku, tochi chini ya shuka, na ndivyo vilivyotuzoeza kumaliza kurasa mia mbili bila kuchoka. Mtu asiyekubali haya na aulize moyo wake.

Na tutazame jambo lenyewe lilikotoka. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948 chini ya utawala wa kikoloni, makao yake Nairobi, na wakubwa wake ndio walioamua mwananchi apewe nini asome. Hilo hatulifichi. Lakini haki ni haki. Mashindano yake ya kutunga hadithi ya mwaka 1957-58 ndiyo yaliyompa ushindi Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mtu wa magazeti kama sisi, kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo mna maiti penye mzimu, na watu wanatetemeka. Bwana Msa hatetemeki. Anavuta kiko chake, anauliza maswali, anapima majibu. Ni kweli kiko kile kimetoka kwa Sherlock Holmes wa Uingereza, na rafiki yake Najum ni jamaa wa Daktari Watson. Lakini mwenye akili humo ndani ni mwenzetu, anasema Kiswahili cha Unguja, na anaonyesha kwamba aliyeua ni mtu, si pepo. Siku zile tulipokuwa tukiambiwa kila asubuhi kwamba bado hatujakomaa, jambo hilo halikuwa dogo.

Katalambulla akauleta upelelezi Dar es Salaam. Kisha mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, hadithi ya nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake mji huo huo. Kijana aliyekisoma kitabu kile alielewa hatari ya vita vya ukombozi vya kusini kuliko aliyesikiliza hotuba zetu tatu. Watoa hotuba tukubali.

Wengine hudhani kwamba hadithi hizi huandikwa usiku mmoja. Na wajaribu. Mtunzi wa upelelezi hana budi kuujua mwisho kabla ya mwanzo, kisha arudi nyuma akipanda dalili mojamoja, kila moja iwe wazi machoni pa msomaji, na msomaji asiione. Akimleta muuaji katika ukurasa wa mwisho, mtu ambaye hatukumwona popote, amemwibia msomaji fedha yake. Lazima ajue saa na mwendo: mtu hawezi kuua Kariakoo na baada ya dakika kumi anywe chai Bagamoyo. Lazima ajue kazi za kituo cha polisi, nani huandika maelezo, na kwa nini majeruhi huulizwa PF3. Sisi wenyewe tulijaribu tulipokuwa chuoni. Kufika ukurasa wa kumi na mbili muuaji wetu alikuwa mahali pawili kwa saa moja, tukaacha.

Basi huyu ni fundi. Seremala akikutengenezea kitanda, humwambii akushukuru kwa kukilalia. Mbona mtunzi huambiwa hivyo?

Ubaya huu si wa kwetu peke yetu. Arthur Conan Doyle, aliyemzaa Sherlock Holmes, aliuza haki zote za hadithi yake ya kwanza ya Holmes mwaka 1886 kwa pauni 25. Ikachapwa mwaka 1887, ikasomwa dunia nzima, naye hakupata tena hata senti moja kwa kitabu kile. Alijifunza, na hadithi zake za baadaye akazitoza bei ya haki. Hapa kwetu wengi hawapati nafasi ya kujifunza. Twamjua mwalimu mwenzetu aliyepeleka mswada wake mjini. Tumeiona karatasi aliyotia sahihi: mistari minne, na katika mistari hiyo minne ametoa kitabu, haki ya kukichapa tena, na haki ya kukifanya mchezo wa sinema, milele. Alipewa fedha za kuezeka nyumba, akafurahi. Leo kitabu chake akikitaka hukinunua dukani kama mtu mwingine.

Hata mwenye mapatano mazuri hatajiriki. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000, na mtunzi ana mrabaha wa asilimia kumi. Kila nakala humpa shilingi 1,000. Zikichapwa nakala 1,000, na zote zikanunuliwa kwa miaka mitatu, amepata shilingi milioni moja, yaani chini ya shilingi 28,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mtu hawezi kuacha chaki akakaa kuandika.

Wachapishaji nao tusiwaonee. Karatasi ni ghali, mwenye duka huchukua fungu lake kubwa na kulipa akipenda, na kitabu cha shule kina mnunuzi hata kabla ya kupigwa chapa, hali cha Bwana Msa kinamngoja mpita njia. Yako pia mambo yaliyowashinda wote. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukabaki umefungwa mpaka 1983, vitabu vilivyochapwa Nairobi vikawa taabu kufika huku, na vitabu vya Muhammed Said Abdulla kama Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri vilikuwa vimechapwa huko huko. Baadaye wako watunzi waliochoka kungoja. Ben Mtobwa, mwenye Joram Kiango, alianzisha Heko akawa mchapishaji yeye mwenyewe. Twamsifu, lakini si kila fundi wa kutunga anaweza pia kuwa fundi wa kukopa benki na kudai madeni ya maduka.

Sasa hadithi zimehamia katika simu. Vijana huandika sehemu kwa sehemu, msomaji hulipa kidogo kwa simu, anatumiwa sehemu ifuatayo. Njia hii ni nzuri kwa sababu fedha haipiti mikono mitano. Lakini hapo ndipo tunapotaka kusema neno ambalo halitawapendeza baadhi ya wanachama. Katika kundi la simu la tawi mojawapo tumeona kitabu kizima kimepigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, na aliyekituma ni katibu. Wenzake wakamshukuru kwa moyo wake wa kushirikiana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Katibu huyo hupiga kelele mkutanoni juu ya wanyonyaji. Ndugu katibu, jasho la mtunzi umelinyonya wewe, na bando ulilotumia kumnyonyea ulilinunua kwa fedha taslimu.

Tunamtaka kila mtunzi akatae kutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma mbele ya mtu anayeelewa, na asiuze haki zote kwa malipo ya mara moja, hata njaa ikimbana. Akikosa wa kumsomea, alete hapa ofisini, tutaketi naye. Tunayataka matawi yenye fedha ya maktaba yanunue nakala mpya, si za kuombaomba, na yaazime kwa daftari.

Na gazeti hili halitawaambia wengine walipe huku lenyewe likila bure. Kuanzia mwezi ujao ukurasa wa sita utakuwa na hadithi ya upelelezi, sehemu moja kila juma. Mtunzi atalipwa siku sehemu yake inapotoka, si mwisho wa mwaka, na haki ya kuifanya kitabu itabaki yake. Hatutaki hotuba za chama ndani yake; hotuba zina ukurasa wao. Sharti letu ni moja: atuletee sura ya mwisho pamoja na ya kwanza, katika bahasha iliyofungwa. Bahasha hiyo itakaa katika sanduku la mhariri, mbali na wazee wavutao tumbaku.