Jiko Linalohama Lina Deni

Kwa muda wa miaka 20 hivi, katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, umeenea mtindo wa upishi usiokuwa na nyumba. Wapishi kadhaa huungana, wakaazima ukumbi kwa usiku mmoja, kwa wiki au kwa msimu, wakatangaza mlo wenye maudhui yake, wakauza nafasi kabla ya siku yenyewe, wakapika, kisha wakakunja vitambaa vyao na kuhamia pengine kwa maudhui mengine. Wanaousifu mtindo huu wanauita mapinduzi. Chakula, wanasema, kimekuwa sanaa ya jukwaani: hupita kama ngoma ipitavyo, na aliyekikosa kakikosa. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Mimi nasema si mapinduzi, na kwetu sisi watu wa visiwani halikupaswa hata kuwa jambo geni. Neno lake tunalo tangu zamani: kikoa. Kula kikoa ni watu kupatana kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, mpaka mzunguko utimie na uanze tena. Mahali hubadilika, mpishi hubadilika, na chakula hubadilika kwa kadiri ya mkono na mfuko wa mwenye zamu. Kisichobadilika ni deni. Aliyekula jana anajua kuwa siku yake inakuja. Akihama mtaa kabla ya zamu kumfikia, hasifiwi kwa ubunifu; husemwa kuwa kala vya watu akenda zake.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na jiko hili jipya. Sigombani na kuhama kwake. Nagombana na kuhama bila deni.

Nianze kwa haki. Wapo watakaotaka kuwatupia wapishi hawa methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Itakuwa dhulma. Kodi ya pango katika miji ile ni kubwa, na kijana mwenye kipaji aweza kuzeeka akipika chini ya jina la mwingine kwa kukosa mlango wa kufungua. Ludo Lefebvre, Mfaransa aliyeishi Los Angeles, alianza mwaka 2007 kupika kwa muda katika nyumba za biashara za wengine, na mtindo huo ukamfikisha mbali bila ya kubeba mzigo wa ukumbi wake mwenyewe. Kuuza nafasi mapema nako kuna maana: mpishi anajua idadi ya walaji, ananunua kwa kipimo, na hatupi chakula. Haya ni mema, wala hayakatiwi.

Na sisi wenyewe je? Mpishi wetu wa shughuli ana ukumbi gani? Leo kaitwa arusini Kiembesamaki, wiki ijayo khitmani Mkokotoni, na akipata mwito huvuka bahari mpaka Wete. Jiko lake ni mafiga yaliyopangwa uani na sufuria la kuazima. Huja na mwiko wake na ujuzi wake, basi. Lakini tazama anachokikuta. Nazi zinakunwa na majirani, mchele unachambuliwa na majirani, vitunguu vinamenywa na wanawake ambao kesho nao watakuwa na shughuli zao na watasaidiwa vivyo hivyo. Pilau ikiiva hupakuliwa kwenye masinia, na watu huketi kuizunguka sinia moja, tajiri na mchukuzi. Mpishi ni mpita njia. Shughuli ni ya mtaa. Yeye huondoka, na deni linabaki likizunguka nyumba kwa nyumba.

Sasa litazame jiko lile jipya. Mkahawa wa Next, uliofunguliwa Chicago mwaka 2011 na Grant Achatz na Nick Kokonas, haukuhama mji, ila ulihamisha maudhui: ulianza na Paris ya mwaka 1906, ukafuatia na Tailandi, kisha ukaja utoto. Sina shaka na ustadi wao. Lakini jambo hili lanikera: taifa zima linawekwa katika safu moja na utoto wa mpishi, kama nguo mbili katika sanduku moja. Msimu ukisha, Tailandi inavuliwa na kukunjwa. Katika kikoa, mwenye chakula chake ndiye mwenye zamu. Hapa zamu zote ni za mtu mmoja, na wengine wameazimwa vyakula vyao.

Mfano mkubwa zaidi ni Noma ya Copenhagen, nchini Denmaki, mkahawa wa René Redzepi uliofunguliwa mwaka 2003. Mkahawa huu ulichukua wapishi wake ukaenda Tokyo mwaka 2015, Sydney mwaka 2016, na Tulum, pwani ya Meksiko, mwaka 2017. Huko Tulum ulikaa wiki 7. Bei ilikuwa dola 600 za Marekani kwa mtu, kabla ya kodi na huduma. Mikate ya mahindi ilitengenezwa na wanawake wa Kimaya kutoka kijiji cha Yaxunah, mbele ya macho ya wageni. Simtuhumu mtu kuwadhulumu wanawake wale. Nauliza jambo jingine: nani alilipa dola 600 kwa jina la mmojawao? Tiketi iliuzwa kwa jina la Copenhagen. Wiki 7 zilipokwisha, jina lilipanda ndege likarudi kwao, na mkono ulioujua mkate ukarudi kijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema sisi. Je, mwenyeji alipona, au alipambwa tu?

Wala maumivu hayakuwa ya mwenyeji peke yake. Noma ilianza kuwalipa wanagenzi wake Oktoba 2022, miaka 19 baada ya kufungua milango. Miezi michache baadaye, Januari 2023, Redzepi mwenyewe alikiri hadharani kuwa upishi wa namna ile haubebeki, si kwa fedha wala kwa moyo wa binadamu. Basi na tujiulize: jiko lililoshindwa kuwalipa wanagenzi wake lilipokuwa nyumbani miaka yote hiyo, litawalipa nini watu wa ugenini?

Nitaambiwa kuwa nadai lisilowezekana. Kuwa kundi la wapishi wanaohamahama haliwezi kuwa na mtaa. Laweza. Bronx, katika jiji la New York, lipo kundi liitwalo Ghetto Gastro, lililoundwa mwaka 2012 na Jon Gray pamoja na wapishi wenziwe. Mmoja wao, Malcolm Livingston, aliwahi kuwa mpishi wa vitamutamu huko huko Noma. Kundi hili nalo halifungwi na ukumbi; hupika mji huu na ule, na huwapikia matajiri kwa bei za matajiri. Lakini popote waendapo hulitaja Bronx, mtaa ambao majirani zake walizoea kuusikia kwa ubaya. Na mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipoushika mji, walishirikiana na La Morada, mkahawa mdogo wa familia ya Kimeksiko wa mtaani hapo, kuwafikishia watu chakula bure. Hicho ndicho kikoa. Walikula kwa watu, na zamu yao ilipofika hawakujificha.

Basi nataja madeni matatu ya jiko linalohama. La kwanza ni jina: aliyekufundisha chakula atajwe pale pale linapotajwa jina lako, si katika shukrani za mwisho. La pili ni ujira: mkono unaoonyeshwa kwa wageni ulipwe kwa kipimo cha bei wanayotozwa wageni, si kwa kipimo cha umaskini wa kijiji ulikotoka. La tatu ni marejeo: uliyepika ugenini urudi, au umwite mwenyeji wako kwako, naye apike na wewe ukune nazi.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa nawaandikia watu wa mbali tu. Mtindo huu unakuja na watalii, na vijana wetu wenye vipaji watautaka. Wautake. Lakini tayari tumezizoea karamu za mahotelini ziitwazo za Kiswahili, ambazo mhudumu huvishwa kanga asiyoichagua na mchuzi hupunguzwa pilipili mpaka ukasahau kwao. Mle hakuna aulizwaye pweza yule ni mapishi ya nani. Tumelikubali jambo hilo kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliolianza.

Naam, sisi. Katika kurasa kama hizi tunabishana juu ya mizani ya shairi na tunajua nani kaimba nini. Jina la Siti binti Saad twalijua, na ni haki yake. Lakini wale waliopika katika shughuli za zama zake, majina yao tumeyaacha yafe nao. Mpishi wa shughuli tunamwita fundi siku ya arusi. Kesho yake tunapunguza ujira wake na kumwambia mwanawe asome aepukane na moshi. Tulipoufanya ujuzi wake kuwa usio na mwenyewe, tuliuweka barazani, na chochote kilichowekwa barazani bila mwenyewe huokotwa na apitaye.

Kwa hiyo dawa yaanzia uani kwetu. Tuandike majina. Kila aliye na bibi, mama au jirani aliyewahi kupikia watu mia tano kwa mafiga na kuni mbichi, na akae naye aandike: jina lake, nani alimfundisha, aliujuaje mchele kuwa umeiva kwa harufu tu. Halafu wapishi wa ulimwengu na waje na maudhui yao na tiketi zao. Tutawapokea kwa uso mkunjufu, tutawapa kigoda na maji ya kunawa. Lakini mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu atapewa mbuzi ya kukunia nazi, na ataambiwa zamu yake ni lini.