Kina Mama Hawakuzitupa

Kila kadi ya kale ya besiboli inapouzwa kwa mamilioni ya dola, Wamarekani huirudia hadithi ileile: zimebaki chache kwa sababu kina mama walisafisha vyumba vya watoto wao wakazitupa. Kwa kadi zilizo adimu kwelikweli, huo ni uzushi, tena unawasingizia wasio na hatia.

Chukua kadi zinazoitwa T206. Kampuni ya American Tobacco ilizitia ndani ya pakiti za sigara na tumbaku kati ya 1909 na 1911, aina zaidi ya 500. Nyingi bado zimejaa sokoni. Lakini za mchezaji Honus Wagner wa Pittsburgh zinazojulikana hazifiki hata mia. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Fagio la mama lilijuaje kumchagua Wagner na kuwaacha wenzake waliolala naye droo moja?

Wagner aliadimishwa na katazo lake mwenyewe. Mwaka 1912 gazeti la The Sporting News lilieleza kuwa mwandishi John Gruber aliahidiwa dola 10 akipata idhini ya Wagner ya kuchapa picha yake. Wagner alikataa, kisha akamtumia Gruber hundi ya dola 10 ili asipate hasara. Wengine hushikilia kuwa alitaka alipwe zaidi. Iwe iwavyo, uchapaji ulisimama, na pakiti zilizofuata zilitoka bila sura yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kadi ya Sherry Magee wa Philadelphia. Mwanzoni jina lake lilichapwa MAGIE. Kosa likaonekana mapema, herufi moja ikabadilishwa, mitambo ikaendelea. Picha ni ileile, ila MAGEE unaipata bila taabu, na MAGIE hutafutwa kwa udi na uvumba. Joe Doyle wa New York naye aliandikwa kwamba anachezea Ligi ya Taifa, ilhali alikuwa wa Ligi ya Marekani. Kadi zenye kosa hilo ni za kuhesabika. Hakuna mama aliyesoma maandishi hayo madogo kabla ya kumwaga takataka.

Uzushi huu una madhara. Muuzaji hujificha nyuma yake akapandisha bei ya kadi ya kawaida kwa kuwa tu ina miaka mia na zaidi. Mnunuzi na aigeuze kadi kwanza: yenye tangazo la sigara za Piedmont nyuma imezagaa; yenye tangazo la sigara za Drum ni nadra, hata kama mchezaji wa mbele ni yuleyule.