Kifo cha mtoto Victoria: mke anapotawaliwa, nani anajibu juu ya mtoto?

Tarehe 15 Septemba 2025, tribinali ya Old Bailey mjini London iliwahukumu baba na mama wa mtoto mmoja kifungo cha miaka 14 kila mmoja. Mtoto huyo aliitwa Victoria. Aliishi siku chache tu, katika baridi ya mwezi wa kwanza, na alikufa ndani ya hema. Wazazi wake, Constance Marten na Mark Gordon, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kwa uzembe mkubwa.

Wapendwa wasomaji, tunaweza kujiuliza: habari ya Uingereza inatuhusu nini, sisi tulio na misiba yetu wenyewe hapa mashariki? Inatuhusu sababu katikati ya kesi hii kuna swali ambalo kila mchungaji na kila mzee wa kanisa hukutana nalo siku moja. Mwanamke anapoishi chini ya mkono wa mume anayembana, na mtoto akaumia ao akafa, tuseme nini juu ya mwanamke huyo? Je, ni mtu aliyedhulumiwa, ao ni mtu aliyekosa?

Mambo yalivyotokea

Marten alizaliwa mwaka 1987 katika jamaa ya watu wakubwa na matajiri wa Uingereza. Gordon, mkubwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa amefungwa miaka mingi huko Marekani kwa kosa la kubaka alilofanya akiwa na miaka 14. Walikutana karibu mwaka 2014. Baada ya hapo Marten alijitenga na jamaa yake na rafiki zake. Walipata watoto wanne, na wote wanne waliondolewa mikononi mwao na serikali, kwa uamuzi wa mahakama ya familia.

Mahakama hiyo ilikuwa na sababu zake. Mwaka 2019, Marten akiwa na mimba, alianguka kutoka dirishani na kuumia vibaya. Jaji wa mahakama ya familia alihitimisha kwamba Gordon ndiye aliyesababisha anguko lile. Marten mwenyewe alikana. Alisema ilikuwa ajali, na hakuacha kumtetea mume wake.

Mimba ya tano waliificha. Marten alisema Victoria alizaliwa mwishoni mwa Desemba 2022. Tarehe 5 Januari 2023 gari lao liliwaka moto kwenye barabara kuu karibu na Bolton. Polisi walipokuta humo alama za mama aliyetoka kuzaa, walianza kutafuta katika inchi nzima. Wazazi wale walikimbia kutoka mji hadi mji, wakilipa mamia ya pauni kwa teksi, mpaka wakafika kusini na kuweka hema porini. Walikamatwa mjini Brighton tarehe 27 Februari. Siku mbili baadaye mwili wa mtoto ulipatikana katika kibanda cha bustani, ndani ya mfuko wa duka, umefunikwa na takataka.

Mama alieleza kwamba alilala usingizi akiwa amemshika mtoto ndani ya koti lake, na alipoamka mtoto alikuwa amekufa. Mwendesha mashtaka alisema mtoto alikufa kwa baridi ao kwa kukosa hewa, na kwamba hatari hiyo ilionekana mapema. Kesi ya kwanza ilianza Januari 2024. Raia waliochaguliwa kusikiliza waliona kwamba wazazi walificha kuzaliwa kwa mtoto, walimtendea ukatili na walizuia kazi ya haki, lakini hawakuafikiana juu ya kifo chenyewe. Ilibidi kesi irudiwe, na tarehe 14 Julai 2025 uamuzi ukatoka.

Kumtawala mtu pasipo kumpiga

Wengi waliofuata kesi hii waliuliza kama Marten alikuwa ametawaliwa na Gordon. Neno hilo linahitaji kuelezwa vizuri. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Evan Stark, aliandika kitabu kilichoonyesha kwamba jeuri ya nyumbani si ngumi tu. Mtu anaweza kumbana mwenzake kidogo kidogo. Anamtenga na ndugu zake, anashika pesa zote, anachunguza simu yake, anaamua avae nini, aende wapi, amsalimu nani. Anamtisha kwa maneno, ao kwa kumtishia watoto. Mwishowe mwenzake hana tena mahali pa kusimama na kufikiri peke yake. Mwili wake hauna alama, lakini maisha yake yamefungwa.

Uingereza iliandika jambo hili katika sheria. Tangu mwisho wa mwaka 2015, kumbana mwenzi kwa namna hiyo ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5. Sheria nyingine ya mwaka 2021 ilisema kwamba mtoto anayeishi katika nyumba yenye jeuri hiyo, akaiona ao akaisikia, naye amedhulumiwa yeye mwenyewe. Mbele ya sheria hiyo, yeye si shahidi tu wa mambo ya wakubwa.

Lakini tuangalie pia jambo lingine. Zamani sheria ya Uingereza ilimruhusu mke aliyefanya kosa mbele ya mume wake kujitetea kwamba mume alimlazimisha. Utetezi huo wa wake peke yao ulifutwa mwaka 2014, sababu ulimhesabu mke kama mtu asiye na akili yake. Mwaka uliofuata ndipo kosa la kumbana mwenzi liliwekwa. Maana yake ni hii: sheria ilikataa kusema kwamba mke hana dhamiri, na wakati huohuo ikasema kwamba anayemfunga mke atahukumiwa. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Maswali mawili, si moja

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wako wanaosema, «Alitawaliwa, basi asihukumiwe.» Wengine wanasema, «Alihukumiwa, basi hakutawaliwa.» Wote wamefunga maswali mawili katika fundo moja. Swali la kwanza ni: mwanamke huyu alitendewa nini? La pili ni: mtoto huyu alihitaji nini, na nani alikuwa na wajibu wa kumpa?

Kuhusu la kwanza, uamuzi wa mahakama ya familia juu ya anguko la dirishani unatosha kutufanya tuwe na uchungu. Tena, kumtetea mume hakuonyeshi kwamba mambo ni mazuri. Wanaofanya kazi na wanawake waliodhulumiwa wanajua kwamba anayebanwa mara nyingi ndiye wa kwanza kumtetea anayembana, ama kwa woga, ama kwa upendo, ama sababu hana pengine pa kwenda.

Kuhusu la pili, Victoria alihitaji joto, maziwa, paa na mikono ya muuguzi. Wazazi wake walikuwa na pesa za kumpa hayo yote. Kukataa kwao kulikuwa kwa siku nyingi. Tribinali ilisema kwamba wote wawili walikuwa na deni hilo kwa mtoto. Kama mama alibanwa, hilo laweza kupunguza lawama mbele ya watu na mbele ya Mungu, lakini haliwezi kumpa mtoto joto. Ndiyo sababu msaada kwa mama unapaswa kufika mapema, kabla swali la pili halijaulizwa na jaji.

Nasi tuseme wazi, ili mama yeyote asihukumiwe bure. Mama wa Masisi ao Rutshuru aliyelala na mtoto mchanga chini ya shitingi, kule Bulengo ao Kanyaruchinya, alifukuzwa na vita. Hakuchagua baridi. Mtoto wake akifa, damu hiyo iko juu ya wale walioleta vita. Kesi ya London ni ya watu waliokuwa na milango iliyo wazi, wakaikataa.

Kuficha kwa kumponya, na kuficha kwa kujiponya

Wazazi wa Victoria walisema walimficha kwa upendo, sababu waliogopa serikali ingemchukua kama wale wanne. Hatuwezi kucheka woga huo. Kupoteza watoto wanne ni jeraha, na sisi wa Kongo tunajua maana ya kuogopa wenye mamlaka.

Lakini Biblia inatupa mama mwingine aliyeficha mtoto. Katika Kutoka sura ya 2, mama ya Musa alimficha mwanawe miezi mitatu. Aliposhindwa kuendelea, alitengeneza kikapu, akakipaka lami maji yasiingie, akaweka dada ya mtoto asimame mbali kuangalia. Mwishowe alikubali mtoto alelewe katika nyumba ya mwingine, ili aishi. Kila hatua aliyochukua ilikuwa kwa faida ya mtoto. Hicho ndicho kipimo. Tukificha jambo la nyumbani, tuulize: siri hii inamlinda mdogo, ao inamlinda mkubwa?

Kanisa linasimama wapi?

Jambo hili linagusa pia namna tunavyoongoza makanisa. Marten alipokuwa kijana, mwaka 2006, alikaa miezi kadhaa Lagos katika kanisa la T.B. Joshua. Mwaka 2024 shirika la BBC lilitangaza ushuhuda wa watu waliotoka humo, wakisema walitengwa na jamaa zao na kutendewa vibaya. Kanisa hilo lilikana. Hatusemi kwamba mambo ya Lagos ndiyo yaliyomuua Victoria; hakuna tribinali iliyosema hivyo. Tunasema tu kwamba kumtenga mtu na mama yake mzazi, kumkataza kuuliza, kumfundisha kwamba kutii kiongozi ni kumtii Mungu, ni kubana kulekule, hata kukivaa nguo za maombi. Na mtu aliyezoea kubanwa kanisani anaweza kuona kubanwa nyumbani kuwa jambo la kawaida.

Turudi kwa mazoea yetu. Mke anapokuja kulalamika, mara nyingi tunamwita pamoja na mume wake. Tunawaketisha kwenye benchi moja, tunasoma neno la ndoa, kisha tunamwuliza mke mbele ya mume: «Mama, kuna shida gani?» Atajibu nini? Atasema hakuna shida. Tunaomba, tunawapeana mikono, tunawatuma nyumbani, na tunaandika kwamba wamepatanishwa. Mama huyo anarudi akijua kwamba mlango wa kanisa nao umefungwa.

Tunaijua habari ya Anania na Safira katika Matendo sura ya 5, na mara nyingi tunaihubiri siku ya sadaka. Ni habari ya kutisha. Lakini tuone namna Petro alivyofanya: hakuchukua jibu la mume kuwa jibu la mke. Safira aliulizwa yeye mwenyewe, mume wake akiwa hayupo, na alikuwa na nafasi ya kusema neno lake. Kanisa la kwanza lilimhesabu mke kuwa mtu mwenye dhamiri yake mbele za Mungu. Sisi je?

Sheria ya inchi yetu nayo inatusukuma upande huo. Kodi ya familia bado inamwita mume kichwa cha nyumba, lakini mabadiliko ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, hata mbele ya wazazi wake. Hatuhitaji kungojea Uingereza itufundishe.

Basi, tufanye nini katika parokia zetu? Kwanza, mke asikilizwe peke yake, na mama mwenye hekima na asiyetoa siri, kabla ya kikao chochote cha wawili. Pili, tusione kimya kuwa amani. Dada aliyeacha kuja kwenye kikundi cha wamama, asiyeshika tena simu, anayejibu kila neno kwa kumwangalia mume wake, atembelewe. Tatu, mama mwenye mimba asiyeonekana kwenye kituo cha afya aulizwe kwa upole sababu gani, na asindikizwe. Ine, mambo yanayopita nguvu zetu tuyapeleke kwa wanaojua. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la kiprotestanti, imeonyesha kwamba mwanamke aliyeumizwa anahitaji daktari, mshauri na mtu wa sheria pamoja. Maombi yanaandamana na hayo. Hayachukui nafasi yake.

Na wababa, tusikie vizuri. Kuwa kichwa hakumaanishi kufunga mlango na kushika ufunguo. Kristo alilipenda kanisa kwa kujitoa nafsi yake. Mume anayetumia jina hilo ili mke wake asione daktari, asione mama yake wala mchungaji, hamfuati Kristo.

Wazazi wa Victoria watahesabu miaka yao gerezani. Victoria alihesabu siku. Kati ya kuzaliwa kwake na kifo chake, hakuna mtu wa nje aliyepewa nafasi ya kumshika mikononi. Bwana atusaidie ili katika mitaa yetu asiwepo mtoto anayezaliwa gizani namna hiyo, wala mama asiye na mtu hata mmoja wa kumwambia ukweli.