UCHOVU WETU UPIMWE, NA TUUPIME WENYEWE



Hapa Theta, na huko Ruiru na Thika tuendako kazini, liko neno ambalo wauguzi na wahudumu hutupiwa kila siku: "Mkali." Muuguzi amekesha zamu ya usiku, akaambiwa aendelee na ya mchana kwa kuwa hapana mtu mwingine. Akimjibu mgonjwa kwa mkato, husemwa hana adabu. Hakuna amwulizaye amelala lini.

Jambo hili lina kipimo. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, wa huko California, walitoa karatasi ya maswali 22. Mfanyi kazi hujibu ni mara ngapi huona hali fulani, tangu 0, yaani hapana kabisa, hata 6, yaani kila siku. Hutazamwa mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumwona mgonjwa au mteja kama kitu tu, na kuona kazi yako haina maana. Kila moja lina hesabu yake, hayajumlishwi.

Litazameni lile la pili. Huo ukali tunaolaumiwa mara nyingi ndio huo, nao umewekwa katika kipimo kimoja na uchovu. Hatusemi mgonjwa avumilie kutukanwa. Mama zetu nao wamo katika foleni ile ile. Twasema kwamba barua ya onyo haiongezi muuguzi hata mmoja katika wodi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kuwa hali hii si ugonjwa, bali ni jambo litokalo na kazi.

Lakini woga wa wanachama twaujua: karatasi ikifika kwa mwenye kazi, aliyeandika 6 ataitwa dhaifu, na mkataba wake ukiisha hataitwa tena. Woga huo una haki. Basi pasiandikwe jina. Tena wodi yenye watu watatu isitolewe hesabu yake peke yake, maana kila mtu atajua nani ni nani.

Karatasi ya Maslach hununuliwa. Iko nyingine ya Denimaki, ya mwaka 2005, yenye maswali 19, isiyolipiwa. Uzuri wake ni kuwa huuliza mbali uchovu utokao na kazi yenyewe na ule utokao na watu tunaowahudumia, na hao wawili hufichana sana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama na afya kila mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi, na wafanyi kazi wamo ndani yake. Hesabu ipelekwe huko, iwekwe kando ya daftari la zamu: usiku mangapi kwa mwezi, wagonjwa wangapi kwa muuguzi mmoja. Wajumbe wetu waanze kwa kuomba daftari la mwezi uliopita.