Mzazi, Muulize Kabla ya Kuitisha Kikao

Wazazi wenzangu, mtoto akifika kidato cha pili tunaanza kulalamika: ana kiburi, simu haimtoki mkononi, akiitwa huitikia "nini?" badala ya abee. Hayo ni makosa kweli, wala sitetei utovu wa adabu. Lakini muulizeni yeye shida yake ni ipi, msikie kama atataja hata moja kati ya hayo. Atataja usingizi unaokatika usiku, wenzake wanaomdhihaki kwenye kundi la WhatsApp, au ugomvi wenu wenyewe anaousikia ng'ambo ya ukuta.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Achenbach, na wenzake wawili walichambua tafiti 119 zilizolinganisha maelezo ya watu mbalimbali kuhusu tabia za watoto. Kwa kipimo ambacho 1 ni kwenda sambamba kabisa, watu wa aina moja, kama baba na mama, walifikia 0.6. Maelezo ya mtoto mwenyewe na ya watu wengine yaliishia 0.22. Yaani wakubwa wa aina moja wanapatana wao kwa wao. Asiyepatana nao ni mwenye habari zake! Na mapatano yalipungua zaidi kwa shida za moyoni kuliko kwa utundu unaoonekana.

Ndiyo maana avunjaye vyombo huitiwa baba mkubwa, ilhali ajifungiaye chumbani tangu magharibi, sahani yake ya wali ikarudi jikoni haikuguswa, tunamsifu kwa majirani kuwa ni mpole. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wapole hao nao wamo.

Mtasema wazee wetu hawakumuuliza mtoto. Waliuliza, ila si kwa kinywa cha mama. Binti alikuwa na somo yake, alikuwa na bibi wa kutaniana naye na shangazi wa kumnong'oneza. Leo shangazi yuko Songea, binti yuko Kimara, na kazi ile hatukumkabidhi mtu.

Nanyi vijana, msijifanye mnaona yote. Yule wa bodaboda anayekupakia bure kila jioni na kukununulia chipsi, wewe waona ukarimu. Mama yako aona kitu kingine, na mara nyingi ni yeye anayeona sawasawa. Mwambieni yanayowasibu, maana aliyofichwa atayabuni mwenyewe.

Basi, mzazi, usimketishe mtoto sebuleni mbele ya wazee watatu. Muulize mkichambua mchele, au mkitoka sokoni na mizigo. Kisha nyamaza, hata akikutaja wewe. Na akimaliza, usianze na "sisi enzi zetu".