Pollard hakustahili kungojeshwa hivyo
Ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani ilizaliwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio, ndani ya duka la magari, baadhi ya wenye timu wakiwa wamekaa kwenye vibao vya kukanyagia vya magari hayo. Msimu huohuo Fritz Pollard, Mmarekani Mweusi mwenye umbo dogo na mbio za ajabu, aliisaidia Akron Pros kutwaa ubingwa. Akiangushwa, alijigeuza chali upesi na kuinua miguu, njumu zikiwaelekea waliotaka kumrukia wamuumize. Mwaka 1921 akawa kocha pia. Halafu, kuanzia 1934 hadi 1945, ligi haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja! Inaniuma mpaka leo. Pollard aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa futiboli hiyo, hukohuko Canton, mwaka 2005, miaka 19 baada ya kufariki.